Gemu ya zamani yawaka lakini TV haionyeshi kitu: soma picha kabla ya kushika bisibisi

Juzi baada ya alasiri mtoto wa jirani alinikuta barazani, hapa mtaa wa Langoni, Amu (Lamu), amebeba mashine ya gemu iliyofungwa ndani ya leso ya mamake.

"Ami, taa yawaka, lakini TV yaleta kijivu kitupu."

Nikamuuliza: kijivu, au chenga?

Akafikiri kidogo. "Kijivu. Chenga hamna."

Kwa jibu hilo nilikuwa nishajua mambo matatu. Umeme unaingia. Waya wa TV ni mzima. Na chipu inayochora picha iko hai, kwa sababu ile rangi moja iliyojaa skrini ndiyo inayoituma. Kinachokosekana ni gemu yenyewe: ubongo wa mashine haupati maagizo kutoka kwenye kaseti. Angesema chenga, ningeanzia mahali pengine kabisa.

Wengi hufanya kinyume. Hufungua kwanza, hugusa kila mguu kwa chuma cha kulehemu, halafu ndipo huja kuuliza, na mimi hapo sina tena njia ya kujua lipi lilikuwa tatizo la mwanzo na lipi limeletwa na moto.

Mashine ninazozungumzia hapa ni zile za kaseti za Nintendo: Famicom iliyotoka Japani mwezi wa Julai 1983, ndugu yake NES iliyoingia Marekani 1985, na nakala zake zisizo na idadi zilizotengenezwa Asia, ambazo ndizo tulizokua nazo wengi wetu huku pwani. Kwa ndani ni ukoo mmoja. Famicom na nakala zake hutumia kaseti ya meno 60 (vile vipande vya chuma vinavyogusana na mashine), NES ya meno 72.

Vifaa si vingi: bisibisi ya nyota, multimita (kipima umeme) ya bei yoyote, vijiti vya pamba vya masikio, spiriti, raba nyeupe ya penseli, sindano ya kushonea, na TV ya pili ya kujaribia. Chuma cha kulehemu kiache kando kwanza.

Onyo ni moja tu. Mashine ya gemu ni volti tisa au kumi, haitakuua. TV ya mgongo, ile nene ya zamani, itakuua. Kioo chake hubeba zaidi ya volti 20,000, na chaji hubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Kama tatizo liko ndani ya TV, mpe fundi wa TV. Adapta nayo usiifungue ikiwa kwenye soketi.

Kwanza: ipe picha jina lake

Washa, kaa chini, tazama dakika moja nzima. Kama TV yako hugeuka buluu kila isipopata ishara, zima ile buluu kwenye menyu, maana inakuficha mambo.

Chenga maana yake TV haipati kitu. Angalia waya, chanele, au sehemu inayorusha ishara.

Skrini nyeusi isiyo na chenga, au rangi moja tupu (kijivu, kijani, zambarau, yoyote), maana yake ishara inafika lakini gemu haijaanza. Nenda kwenye meno ya kaseti.

Picha ipo lakini imevurugika, herufi si herufi: meno ya kaseti tena, au kumbukumbu ya picha. Hapa ndipo penye utamu, nitapafikia.

Picha nzuri lakini haina rangi, au inapanda juu bila kutulia: mashine na TV hazizungumzi lugha moja.

Picha nzuri lakini mawimbi meusi yanatambaa juu yake: umeme mchafu.

TV na waya

Hili lipite haraka. Badilisha waya wa AV, ule wa plagi za rangi, kabla ya lolote. Plagi ya njano iliyolegea imenipotezea nusu siku zaidi ya mara moja. Kama mashine yako hutumia waya wa antena tu, TV lazima itafute chanele ya analojia. Kenya ilizima matangazo ya analojia mwaka 2015, kwa hiyo watu wengi hawajagusa menyu hiyo tangu wakati huo na wanadhani haipo. Mara nyingi ipo. Famicom halisi ya Japani ina tabu yake: chanele zake mbili ziko kati ya megahezi 90 na 102, ambako huku kwetu ndiko ziliko stesheni za redio za FM. Hiyo usishindane nayo, ibadilishe iwe ya AV.

TV bapa za siku hizi nazo zina kiburi. Mashine hizi hutuma mistari isiyopishana, nukta 256 kwa 240, na TV nyingine huiona ishara hiyo kama kosa na kuandika kwamba hakuna ishara. Kabla ya kuilaumu mashine, ijaribu kwenye TV ya mgongo. (Na kama mtoto analia kwamba bastola ya kupigia bata haifanyi kazi kwenye TV bapa, mwambie haitafanya kamwe. Ile bastola hutegemea namna kioo cha zamani kinavyomulika.)

Umeme

Soma adapta kabla ya kuichomeka. Famicom halisi inataka volti 10 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja), na hasi iko katikati ya plagi. Adapta yake ya Japani ni ya umeme wa volti 100, ukiichomeka kwenye 240 zetu utasikia harufu kabla hujakaa. NES yenyewe hutumia volti 9 za AC (umeme wa kwenda na kurudi), na ina daiodi nne ndani za kuugeuza umeme huo. Famicom haina hizo daiodi. Adapta ya NES ikiingia kwenye Famicom, unaandaa mazishi.

Ndani, karibu na kipande cha bati cha kupozea joto, utaona rejuleta (kidhibiti cha volti) ya miguu mitatu iliyoandikwa 7805. Maandishi yakikutazama, mguu wa kushoto ni umeme unaoingia, wa kati ni ardhi, wa kulia ni unaotoka. Mashine ikiwa imewaka, mguu wa kulia usome volti 5. Kati ya 4.75 na 5.25 ni sawa. Mguu wa kushoto usishuke chini ya 7, maana hapo rejuleta huanza kuyumba na picha huyumba nayo. Usishtuke adapta ya volti 9 ikisoma 13 ikiwa haijachomekwa popote. Adapta za zamani ndivyo zilivyo. Pima ikiwa inafanya kazi.

Wenye sola, najua mnachofanya. Betri ya volti 12 moja kwa moja itawasha mashine, lakini rejuleta inalazimika kuchoma volti 7 badala ya 4 na kuzigeuza joto. Nusu saa baadaye picha inaanza kutetemeka na mnaleta kwangu.

Chumvi

Sisi watu wa Amu twajua chumvi inavyofanya bawaba za milango na misumari ya majahazi. Wakati wa kusi upepo unaingia nyumbani na ladha yake, kuta za mawe zinatoa jasho, na kaseti iliyowekwa kidakani mwezi mzima inatoka na meno yaliyofifia. Tazama kwa makini, ikiwezekana kwa tochi ya simu upande upande: jino zima linang'aa sawasawa kama pete, jino lenye ugonjwa lina madoa ya kahawia, au unga wa kijani pale shaba ilipokutana na maji.

Sote tulipuliza. Mimi nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka, na gemu ikawaka, nikaamini pumzi yangu ina dawa. Kilichosaidia kilikuwa ule mwendo wa kuchomoa na kurudisha: meno yanasuguana na kutu nyembamba inakwanguka. Pumzi iliongeza unyevu tu, na unyevu juu ya chumvi ndiyo kutu ya kesho.

Fanya hivi. Fungua kaseti kama ina skurubu. Kama imebanwa tu, safisha kupitia mdomoni. Chukua kijiti cha pamba, kichovye spiriti, pangusa meno kwa mwendo wa kutoka ndani kwenda nje, si kushoto na kulia, usije ukahamisha uchafu kutoka jino hadi jino. Badilisha vijiti hadi kitoke cheupe. Madoa yakibaki, sugua kwa raba taratibu, mara tano sita tu, kwa sababu ule mpako wa dhahabu ni mwembamba sana na ukiisha hauna mwingine. Malizia na spiriti kuondoa vumbi la raba. Usitumie msasa, hata ule laini.

Kuhusu spiriti yenyewe: baadhi ya zinazouzwa maduka ya dawa huwa zimetiwa mafuta kidogo ili zisikaushe ngozi. Dondosha tone moja juu ya kioo. Likikauka na kuacha utando, hiyo ni ya vidonda, si ya kaseti.

Sasa mdomo wa mashine, pale kaseti inapoingia, ambao wengi huusahau kisha wakashangaa kaseti safi inachafuka tena. Chukua kadi ya zamani ya kukwangua salio, izungushie kitambaa chembamba cha pamba, ilowanishe kwa spiriti kidogo, uiingize na kuitoa mara kumi na tano hivi. Isiwe nene kuliko kaseti, utapanua meno ya ndani. Kitambaa kikitoka na mistari myeusi, endelea. Baada ya hapo mulika ndani: meno yote yawe yamesimama mstari mmoja. Lililolala liinue kwa ncha ya sindano, nywele moja tu, si zaidi.

NES ina mdomo tofauti, ule wa kusukuma kaseti ndani na kuishusha, na chemchemi zake huchoka. Wako wanaouchomoa mdomo huo na kuuchemsha kwenye sufuria. Hufanya kazi kweli, mradi maji yasiwe ya kisima chenye chumvi, tumia ya mvua, na uukaushe siku nzima. NES pia ina chipu ya ulinzi inayozungumza na chipu nyingine ndani ya kaseti. Zisiposikilizana, mashine hujizima na kujiwasha kila sekunde, taa nyekundu ikipepesa na skrini ikiruka. Watu huleta wakisema umeme umekufa. Umeme ni mzima, ni meno tu. Famicom na nakala zake hazina chipu hiyo.

Picha iliyovurugika

Hapa ndipo ninapofurahia kazi hii, kwa sababu uchafu una mpangilio wake.

Mashine hujenga picha kwa vigae, kila kigae nukta 8 kwa 8, vigae 32 kwenda kulia na 30 kwenda chini. Maumbo ya vigae, yaani umbo la herufi, tofali, wingu, yako ndani ya kaseti. Ramani inayosema kigae gani kikae wapi iko ndani ya mashine, kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu ya kilobaiti 2. Vikaragosi vinavyotembea havitumii ramani hiyo. Nafasi zao zinakaa ndani ya chipu ya picha yenyewe.

Kwa hiyo jiulize: kinachovurugika ni nini? Kama mchezaji wako anatembea mzima, uso wake na mikono yake iko sawa, lakini ukuta na mbingu nyuma yake ni takataka, basi kaseti inasomeka. Shida iko kwenye ile kumbukumbu ya ramani au njia zake. Kama mchezaji mwenyewe ameraruka pamoja na mandhari, shida ni kule maumbo yanakotoka: kaseti au mdomo.

Enda mbele zaidi. Tazama neno lolote kwenye skrini ya mwanzo. Kama kila herufi ina ufito mwembamba uliokosekana, au uliojazwa, mahali palepale, na ufito huo unarudi kila baada ya nukta 8 skrini nzima, ni jino moja tu lisilogusa. Kigae kina nukta nane kwa upana na meno nane huzibeba, kila jino na safu yake. Ukiona fito mbili kwa kila herufi, tafuta meno mawili. Kama herufi ni nzima lakini si zake, A imekuwa kitu kingine, tofali limekuwa jicho, basi jino lililokufa ni la anwani: mashine inaomba kigae hiki inapewa kile. Na kama umbo limejirudia mistari miwili miwili, kama limeonekana kupitia maji, hiyo ni anwani ya chini, inayochagua mstari ndani ya kigae.

Jaribu kaseti ya pili kabla ya kuamua. Kaseti moja ikivurugika na nyingine ikawa safi, mashine haina kosa. Zote zikivurugika kwa namna ileile, geukia mashine: weka multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye jino la mdomo, nyingine kwenye bodi pale jino hilo linapoishia, na ubonyeze kidogo. Mlio ukikatika unapobonyeza, umelipata. Geuza bodi utafute lehemu iliyopasuka. Huonekana kama pete nyembamba kuzunguka mguu. Hapo, na hapo tu, chukua chuma cha kulehemu, weka risasi mpya kidogo, ondoka.

Mdomo ukiwa mzima na mandhari bado takataka, hapo ni chipu ya kumbukumbu au ile chipu ya 74LS373 inayotenganisha anwani na data. Zote mbili hupatikana kwenye bodi chakavu. Lakini ukifungua nakala yako ukakuta badala ya chipu za miguu kuna tone jeusi la gundi, kubwa kama sarafu ya shilingi ishirini, funga tu. Mashine nzima imo ndani ya tone hilo na halina pa kushikwa.

Rangi na mawimbi

Picha nyeusi na nyeupe, au inayopanda: tafuta kristali kwenye bodi, kile kisanduku cha bati kinachong'aa. Ikiandikwa 26.601, mashine ni ya PAL, mfumo wa picha na rangi wa TV za kwetu. Ikiandikwa 21.477, ni ya NTSC, mfumo wa Japani na Marekani, picha 60 kwa sekunde badala ya 50, na TV ya PAL tupu haitaielewa rangi yake. Dawa ni TV ya mifumo mingi. Angalia menyu, weka mfumo wa rangi kwenye kujitafutia. Kama mifumo inalingana na rangi bado inakuja na kuondoka, karibu na kristali kunaweza kuwa na kipande kidogo cha kuzungusha. Kizungushe polepole kwa kijiti cha plastiki kilichochongwa. Bisibisi ya chuma huharibu kipimo unapoigusisha.

Mawimbi meusi ya mlalo yahesabu. Mawili yanayotambaa taratibu maana yake kapasita kubwa ya kulainisha umeme imekauka. Wimbi moja, shuku daiodi mojawapo imekufa. Kwa mashine ya NTSC hayatambai, yanakimbia, na utaona kama picha inatetemeka. Kujua kama ni adapta au mashine, unganisha betri sita za AA, zitakupa volti 9 safi. Mawimbi yakitoweka, tupa adapta. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, na ule mstari wa pembeni ni upande wa hasi.

Fito hafifu za wima, zilizosimama tuli kama vyuma vya dirisha, achana nazo. Ni bodi ilivyochorwa, njia ya picha imepita karibu mno na njia za data. Nakala nyingi zilizaliwa nazo.

Yule mtoto

Mashine yake ilikuwa na kristali ya 26.601 na mdomo wa kijani. Kadi na kitambaa vilitoa uchafu mweusi mara tatu, kisha gemu ikaja, na kila herufi ilikuwa na pengo upande wa kushoto. Jino moja. Lilikuwa limelala chini kabisa mwishoni, sindano ikaliinua.

Sikumpa hapohapo. Niliiacha iwake saa nzima kabla ya kurudisha skurubu, maana tatizo la joto halijitokezi dakika za mwanzo. Nilimwambia asiirudishe kidakani upande wa bahari, aiweke ndani ya kopo la biskuti lenye kifuniko, kaseti na zote, na asipulize. Alikubali kwa kichwa. Usiku nikipita dirishani kwao nilisikia muziki wa gemu, ukakatika, halafu: fyuuu, fyuuu.